Mchoro Useme, Mchoraji Anyamaze

Kwanza ni mkwaruzo. Unapanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa mtaani Umoja, ambako balbu iliungua zamani na hakuna mpangaji aliyejisumbua kuibadilisha, na humo gizani kuna kitu kinachokwaruza. Kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena, kama kuku anayepekua majani makavu. Mkono unapapasa ukuta hadi mlangoni. Mlango unapofunguka ndipo macho yanapoletewa habari ambayo masikio yalikuwa nayo tayari.

Ni mashine. Mkono wake mwembamba wa chuma unakimbia juu ya karatasi, unapinda, unarudi. Umeshika kalamu. Lakini karatasi ni nyeupe pe, haina hata nukta.

"Kalamu imekauka, najua," anasema mwenye chumba, Mzee Kiema Ndolo, akivuta kiti cha pili kwa ajili ya mgeni. "Mwanafunzi wangu hajafika. Nyumba ikinyamaza sana huiwasha hii plota ichore tu mchoro wa zamani. Nikiisikia naona kama kuna mtu anafanya kazi."

Viti ni viwili tu. Kimoja ni chake. Cha pili hukaliwa na mwanafunzi, na asipokuwepo, hukaliwa na gazeti.

Ndolo alikuwa mchoraji wa mitambo katika shirika moja la umma. Alichora kwa penseli na rula hadi wafanyakazi walipopunguzwa naye akawa miongoni mwao. Wenzake walitumia kiinua mgongo kununua ng'ombe wa maziwa na kufungua maduka. Yeye alikwenda mnadani, ofisi moja ya wahandisi ilipofungwa, akarudi Umoja akisukuma mkokoteni wenye kompyuta, plota na programu ya kuchorea.

Majirani walicheka. Mkewe, Kavindu, hakucheka. Alifunga mizigo akarudi Kibwezi kulima.

"Hakuniacha," Ndolo anafanya haraka kueleza. "Alisema atarudi nikipata nafasi. Chumba ni kimoja hiki. Kompyuta ilikaa mahali pa kitanda cha watu wawili."

Tangu hapo anapika ugali wa mtu mmoja, na anasema ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri hata ukiusonga vipi.

Wanafunzi anaowafundisha kuchora kwa kompyuta ni wale wanaosomea uhandisi vyuoni. Mgomo ukizuka na chuo kikifungwa, hurudi kwao katika mitaa hii ya Eastlands kukaa bure, na baadhi yao hupata habari za mzee wa Umoja. Hulipa shilingi mia tano kwa mwezi, wakiwa nazo. Taifa hili linawafundisha vijana kujenga mitambo kwa chaki, kisha viwanda vinawauliza kama wanajua kompyuta. Ndolo amejiweka katikati ya chaki na kiwanda, peke yake.

Mwaka huu wa 1997 amebaki na mwanafunzi mmoja. Anaitwa Selpher Ayuma, yuko mwaka wake wa mwisho, na anaishi Kariobangi kwa dada yake.

"Chuoni kompyuta zipo," anasema Selpher, akifuta tope la mvua za El Nino kwenye viatu. "Tuliziona kupitia dirishani. Zilikuwa zimefunikwa vitambaa kama maiti."

Kiwanda kimoja cha pampu za maji kiko tayari kumchukua Jumatatu. Mhandisi wake ana sharti moja tu, nalo amelichukua kwa Ndolo mwenyewe: alete mchoro wake, na kifaa kilichotengenezwa kutokana na mchoro huo na fundi ambaye hakuambiwa neno. Asipoleta, nafasi itakwenda kwa mwingine. Akileta, kiti cha pili kitabaki wazi, na safari hii nyuma yake hakuna anayesubiri zamu.

Jaribio hilo Ndolo hana mzaha nalo. Mwanafunzi hutafuta kitu kilichovunjika mtaani, hukipima, hukichora kwenye kompyuta, kisha humpelekea karatasi Mbuthia, fundi wa jua kali mwenye karakana ya wazi Kariobangi. Mbuthia hutengeneza. Mwanafunzi husimama kando, mdomo umefungwa. Mwalimu vilevile.

"Siku moja mchoro wako utakwenda Kisumu, utakwenda Uganda, na wewe hutakuwepo," anasema. "Useme wenyewe."

Kitu kilichovunjika safari hii ni bamba la chuma linaloshikia mota katika kinu cha kusagia mahindi cha Mama Mbeti, jirani wa Mbuthia. Mota isipotulia, kinu hakisagi. Ijumaa asubuhi foleni ya madebe ya mahindi imefika barabarani.

Mbuthia anapokea karatasi, anaitazama, anaitikia kwa kichwa. Kisha anafanya kile ambacho mafundi wa Kariobangi hufanya na karatasi yoyote: anailaza juu ya chuma, anaibana kwa kidole gumba, anagonga msumari kupitia karatasi mahali pa kila tundu. Vipimo vimeandikwa pembeni, vimenyooka, havina kosa. Mbuthia haviangalii. Mkono wake umezoea kuamini umbo.

Selpher anaona. Bamba lilikuwa kubwa kuliko karatasi, naye wakati wa kuchapa aliiamuru kompyuta ilipunguze mpaka lienee. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye karatasi, bamba limenywea kama nguo iliyofuliwa kwa maji moto. Anauma mdomo. Anamgeukia mwalimu wake.

Ndolo anatazama nyundo.

Bamba linatoka dogo. Mbuthia analipachika chini ya mota, analigeuza, analigeuza tena.

"Sista, hii ni ya mota ama ya cherehani?"

"Selpher," anaita Mama Mbeti, mikono kiunoni, "nikawaambie hawa wamama wakapike hiyo karatasi?"

Foleni inaangua kicheko. Msichana hacheki. "Lakini vipimo nimeandika, Mwalimu. Hakuvisoma!"

"Hakuvisoma. Na ni huyu utakayempata kila mahali. Umeichorea kompyuta, mama. Mbuthia hukumchorea."

Baadaye, akiwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa mbali na wengine, Ndolo anamwambia mgeni wake jambo ambalo hakuulizwa. "Niliona karatasi ikilazwa. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema kwa sababu ya sheria yangu. Lakini wacha niseme ukweli: kuna pembe ya moyo iliyofurahi. Ilisema, basi atabaki."

Anamtafuta Selpher kwa macho. "Pembe hiyo ni ya kuogopwa."

Pengine ndiyo sababu anasimama na kumwambia Selpher chumba hakitafungwa mpaka amalize. Umeme umekatika Umoja kwa mvua, unarudi alasiri. Selpher anaketi mbele ya kioo. Ndolo anakaa kwenye kiti chake akitazama ukuta, hamwoneshi chochote, ila kalamu mpya ameitoa kwenye kopo alimokuwa ameificha.

Safari hii Selpher halipunguzi bamba. Analikata vipande viwili kwenye kioo, nusu kwa karatasi moja na nusu kwa nyingine, kila tundu kwa ukubwa wake halisi. Plota inakwaruza, na sasa mistari inaonekana. Anaomba unga wa ngano, anakoroga uji mzito kwenye sufuria ya mzee, anagandisha karatasi hizo mbili kwa kidole. Anazipima kwa rula. Anazipima tena.

"Ugali wako ungeiva hivi, Mwalimu, Mama Kavindu angerudi," anamtania.

"Koroga, usiniletee maneno."

Jumamosi wanarudi kwa Mbuthia. Karatasi inalazwa, kidole gumba kinabana, nyundo inagonga. Hakuna anayesema. Hata foleni imenyamaza, wanawake wamejipanga kama waliokuja kusikiliza hukumu. Mbuthia anatoboa chuma, anakipeleka chini ya mota, anaingiza bolti kwa vidole vitupu, bila kulazimisha, ya kwanza hadi ya mwisho.

Hajauliza swali.

Mama Mbeti anawasha. Kinu kinaguna, kinanguruma, unga unaruka, na vigelegele vinameza maneno yote ambayo mwalimu na mwanafunzi walikuwa wameyafungia mdomoni.

"Huyu mpelekeni kiwandani," Mbuthia anapaza sauti, "kabla hajaninyang'anya kazi!"

Chumbani Umoja kuna kamba ya katani iliyofungwa ukuta hadi ukuta. Juu yake, kama nguo zilizoanikwa, zimening'inia karatasi za waliotangulia: gia, bomba, pedali ya baiskeli, zote zina matundu ya msumari wa Mbuthia. Waliozichora wako viwandani Thika, Mombasa, mmoja Botswana. Selpher anatundika yake mwishoni, penye nafasi ya mwisho kabla ya dirisha.

Ndolo anasema kamba ikijaa atafunga nyingine. Ana mpango wa kwenda kwenye vyuo, mlango kwa mlango, kuwaambia wafunue vile vitambaa. Na kama watakataa, atabandika tangazo kwenye nguzo za Kariobangi.

Selpher anachukua mkoba. "Mwalimu, nitakuwa nakuja kila Jumamosi, naahi—"

Ndolo anainua mkono. Macho yake yako kwenye kamba.

"Usiahidi, mama. Hawa wote waliahidi, na hawakudanganya. Kazi iliwashika. Kazi ndiyo niliyowafundisha." Anamshika bega, kisha anaondoa mkono. "Acha niahidi mimi. Siku mchoro wako wa kwanza utakapofika kwa fundi pale kiwandani, niite. Nitakuja. Nitasimama nyuma yako, na hata nikiona kosa, sitasema neno."