Bundi wa Paa la Bi Somoe

Nilipokuwa mtoto pale Ukonga, sifa yangu ilikuwa moja tu: macho. Kunguru akiiba sabuni, mie ndiye niliyejua kaipeleka mti gani. Bibi alinisifia kwa majirani, nami kichwa kikanivimba.

Basi mwaka ule shangazi alijifungulia kwetu, na bundi akaanza kulia jirani kila magharibi. Bibi akawa anatupa chumvi ya mawe kwenye jiko la mkaa huku akisema, "Toka na balaa lako!" Bundi wala hakujali. Siku moja Bibi akaniuliza, "We mwenye macho, anatokea wapi kisirani huyu?"

Nilijua. Nilishamwangalia wiki nzima. "Kwa Bi Somoe, bibi. Anatokea pale bati lilipoinuka, na anarudi humo humo."

Bi Somoe alikuwa mjane kutoka Lindi, mpangaji wa nyumba ya pili. Alinisukaga nywele bure, na vitumbua vyake vya kuuza hakosi kunibakizia kimoja. Sikumsema kwa ubaya. Nilitaka kusifiwa tu. Na nikasifiwa.

Siku chache baadaye mtoto wa shangazi akafa kwa homa. Hapo tena nani wa kusikiliza? Ikasemwa Bi Somoe anafuga bundi. Vitumbua vyake vikakosa mnunuzi, mwenye nyumba akampa siku tatu ahame. Nilimkuta anapakia godoro kwenye bajaji.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Nahamia Kimara. Wasalimie kwenu."

Hakunilaumu hata neno. Bora angenizaba kibao.

Kesho yake fundi akabomoa dari. Ndani walikuwamo makinda watatu weupe, wanakoroma kwa njaa. Mama yao alikuwa anawatafutia panya, basi, hakuna kingine. Wakapigwa kwa mti wa fagio mpaka wakanyamaza. Bibi akasema, "Haya, yamekwisha," akaenda kuchagua mchele. Magharibi yake bundi akarudi, akalia vile vile.

Leo kazi yangu ni ndege wa nyika kavu kule Dodoma: yupi mkaazi, yupi mhamaji. Bundi namwandika mkaazi bila kufikiri. Akipata tundu lake hatoki, na hajali kafa nani nyumba ya jirani. Wahamaji ndio wenye kazi. Kuna kwelea hao hufuata mvua, nami nimewafuata mwezi mzima kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, nijue tu wametua wapi. Wenzangu wananisifia subira. Sifa tena!

Kutoka Ukonga hadi Kimara ni mabasi mawili tu. Bi Somoe aliniambia kwa mdomo wake anakokwenda, na mpaka leo sijamfuata.