Mji wa Darini

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Vidole Sita, na wengi walishasahau kwamba jina hilo lilianza kama kejeli. Miaka kumi na moja nyuma alichora bango la watoto wakinawa mikono, na mkono mmoja ukatoka na kidole cha ziada. Bango lilikuwa limeshachapwa na kubandikwa kwenye zahanati kabla mtu hajahesabu. Tangu hapo mfagiaji, dereva, hata meneja mwenyewe walimwita hivyo, naye akawa anaitika, maana jina la utani ukilikataa ndiyo umelitia mbolea. Mtu mmoja tu hakuwahi kulitamka: kaka yake, mpangaji kurasa wa kiwanda, mzee wa miwani minene aliyejisifu kwamba tangu siku hiyo kosa halipiti mezani kwake likiwa hai.

Kazi yake mwanamke huyu ilikuwa kuchora meno yaliyooza, nzi juu ya vyombo na mbu wenye sura mbaya. Hakuna aliyewahi kumwomba achore kitu kisichokuwapo. Basi vitu visivyokuwapo alivichorea nyumbani, kwenye meza ya jikoni, vyombo vikishaoshwa. Miaka miwili ikampa kitabu kimoja cha watoto wadogo.

Katika kitabu hicho kuna msichana aliyelala chali, kichwa kinaning'inia ukingoni mwa kitanda. Anatazama juu na kugundua kwamba darini kuna mji. Wapo kinyozi, fundi viatu, na bibi mmoja anayemwagilia taa maji, kwa sababu huko darini taa huota. Kurasa nane za katikati, ambazo ndizo mji wenyewe, zilikaa kichwa chini, picha na maneno pia, ili mtoto akifika hapo akigeuze kitabu kwa mikono yake na kuingia. Hakuandika popote "geuza". Mtoto haambiwi jambo kama hilo. Analifanya mwenyewe, halafu anamcheka mtu mzima aliyechelewa kuelewa.

Meneja alisumbuliwa mpaka akachoka, akakubali kuchapa nakala mia nane. Kwenye jalada kulikuwa na jina halisi la mchoraji, kwa mara ya kwanza. Alilitaka jina hilo lirudi kinywani mwa watu, na aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyolitaka.

Ijumaa asubuhi alishika nakala ya kwanza, bado inanuka wino. Alifika katikati, akasimama. Akarudi nyuma, akafungua tena. Kinyozi alikuwa wima. Bibi alikuwa wima, na kopo lake la maji. Kurasa zote nane zilikuwa zimegeuzwa zikakaa "vizuri", na mji wa darini ukawa mtaa wa kawaida ambao mtu hana haja ya kuingia, kwa kuwa ameshapita huko asubuhi akienda dukani.

Alimkuta kaka yake mezani, anafuta miwani. Kabla hajafungua mdomo, mzee alitabasamu na kumwambia asiwe na wasiwasi. Alikumbuka kuwa dada yake alileta michoro ile akiwa na homa, na kwamba mishale ya pembeni, ile inayoonyesha upande wa juu wa ukurasa, ilielekea chini kwenye kurasa nane. Akazigeuza mwenyewe, kimyakimya. Hakuna aliyejua.

Damu ilimchemka mchoraji. Alimweleza, neno kwa neno, kitabu kile kilikuwa nini. Tabasamu la mzee likamwisha usoni, na dada yake hakusubiri kuona zaidi. Alipanda kwa meneja.

Meneja alipekua nakala huku akijibu simu. Alisema kitabu kinasomeka, kimenyooka, lori linakuja Jumatatu, na watoto wenyewe hawajui hata kusoma, wataona nini? Hasira zikampanda mchoraji upya. Hao wasiojua kusoma ndio wanaotazama picha mpaka ukurasa unachakaa, na huyu mtu anayechapa vitabu vyao hajawahi kukaa sakafuni na hata mmoja wao. Meneja akauliza ni nani aliyegeuza kurasa, maana huyo lazima aondoke. Mzee alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Angetajwa, angemwaga unga.

Mchoraji akasema hajui.

"Basi, Vidole Sita," meneja akacheka, "safari hii angalau vidole vimetimia."

Mchoraji akashuka ngazi. Kaka yake alikuwa bado amekaa palepale, na nakala ameifungua katikati.

"Kwa nini hukuniuliza? Nipo chumba cha pili, kaka. Hatua kumi."

"Ningekuuliza, ungejua nimeona kosa," alisema mzee. "Nilitaka usijue kabisa. Lile bango lilikutesa, mdogo wangu. Nikasema kosa kama lile halitajirudia nikiwa hai."

"Wale wengine wananiita Vidole Sita kwa mdomo tu," alisema. "Wewe hujawahi kuniita. Lakini wewe ndiye uliyeamini kwamba ndivyo nilivyo."

Mzee akaifunga nakala ile polepole. Dada yake hakumwonea huruma. Kukosewa na mtu anayekupenda kuna uchungu wake, maana huna hata mahali pa kutupia jiwe.

Jumamosi kiwanda hufungwa. Alikwenda kuchukua brashi zake na kikombe chake, kwa kuwa alikuwa ameamua kuacha kazi. Akakuta mlango wa chumba cha kubania vitabu uko wazi. Kaka yake alikuwa amekaa juu ya boksi, mikono ya shati ameikunja, anang'oa pini za vitabu kwa koleo dogo. Kila nakala aliifungua katikati, akatoa zile karatasi mbili za ndani zenye kurasa nane, akazigeuza juu chini, akazirudisha na kuzibana upya.

"Pini ziko sawa juu na chini," alisema bila kuinua macho. "Matundu yanaangukia palepale. Mpangilio utageuka, lakini picha zako hazina ya kwanza wala ya mwisho, nimezisoma zote. Meneja nitamwambia mwenyewe Jumatatu, lori likishaondoka."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Mchoraji, brashi mkononi, akatazama lundo. Nakala zilizokamilika hazikufika hamsini.

"Sijakusamehe," alimwambia.

"Najua. Koleo jingine lipo dirishani."

Alilichukua, akaketi mbali naye. Walifanya kazi mpaka saa saba mchana. Mzee alipopumzika kunywa maji, alichukua nakala moja na kuanza kuisoma tangu mwanzo, midomo ikicheza. Alipofika kwa msichana aliyening'iniza kichwa, akafunua. Kinyozi alikuwa kichwa chini. Mzee akainama, akapinda shingo, miwani ikamteleza puani, akazidi kupinda.

"Kitabu, kaka," alisema Vidole Sita, na sauti yake ilikuwa bado na hasira. "Geuza kitabu. Usigeuze kichwa."

Mzee akakigeuza. Alikaa na kile kitabu muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama bibi yule anamwagilia taa kila siku.