Punda wa Bi Huwaida

Mtaani Mkomani, mjini Lamu, au Amu kama wenyewe waiitavyo, Bi Huwaida anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kofia zake za mkono, zenye vitobo vidogo ambazo wanaume wa Amu huzivaa Ijumaa wakajiona masultani. La pili ni neno alilolisema miaka thelathini na sita bila kulikana: kwamba akiwa msichana wa miaka kumi na sita alitunga mchezo wa kompyuta, mchezo wa punda, akauhifadhi kwenye kaseti.

Kofia watu walizinunua. Habari ya mchezo hawakuiamini.

Nao hawana lawama kubwa. Mwaka 1988 ungetafuta kompyuta Amu nzima mpaka viatu vikakwisha soli. Lakini Bwana Jeilani, babake Huwaida, alirudi kutoka Kuwait na moja: kibao kinene cha herufi, unakichomeka kwenye televisheni ya kutazamia video, na rekoda ya kaseti ubavuni, maana mashine ile ukiizima ilisahau kila kitu. Pamoja nayo zilikuja kaseti thelathini za michezo na kitabu cha kufundishia. Kaka zake wakagombania michezo. Huwaida akachukua kitabu, akakaa nacho miezi minane, akatoka na punda.

Kisha akaolewa. Mashine ikafungwa kanga, kaseti zikatiwa kwenye kasha la mama, na kila mwezi kasha likafukizwa udi kama nguo za harusi.

Mumewe alipofariki, Huwaida alifungua kijiduka cha kunakili kaseti za kasida na nyimbo za harusi. Miaka kumi na tisa alikaa na sauti masikioni. Ungemletea kaseti, akasikiliza kidogo tu, akakwambia imenakiliwa mara tatu na ya mwisho ilinakiliwa kwa rekoda mbovu. Simu zikaja, biashara ikafa, naye akarudi kwenye sindano na kofia bila kumlalamikia mtu.

Aliyemkera zaidi ni Bwana Shukri, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Huyu bwana hana ubaya, ila ulimi wake haujui kupumzika. Alimwita Bi Kompyuta. Siku ya nikaha ya binti yake, mbele ya wageni waliotoka Shela na Mokowe, alisema, "Huyu jirani yetu ana punda wa umeme. Tangu tuli wadogo twaambiwa yuko. Ndia ya mwongo ni fupi, lakini ya Bi Huwaida haina mwisho!" Wageni wakacheka. Bi Huwaida alicheka nao, kisha akaenda nyumbani akalia kwa hasira, na mimi simlaumu.

Basi mwaka jana akapangisha chumba cha juu kwa mwalimu wa kompyuta, Chelangat, mwenyeji wa Bomet. Mwalimu alipoiona mashine ile aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Aliandikiana na wapenzi wa mashine za zamani huko ng'ambo mpaka akapata rekoda nzima badala ya ile ya Kuwait iliyokufa zamani, na kifaa cha kusomea diski, zile bapa za mraba, ili michezo ihamishwe kabla kaseti hazijaoza. Jioni baada ya jioni wakahamisha. Kaseti thelathini za dukani zikaingia diskini zote, moja baada ya moja.

Ikabaki ya thelathini na moja, ya punda.

Walianza Jumamosi, baada ya alasiri, mlango wa barabarani wazi kwa ajili ya joto. Kaseti ikalia ule mlio wake wa kukwaruza, na Bwana Shukri, aliyekuwa barazani kwake na kahawa, akauliza kwa sauti, "Kuna nini humo? Mwatinda paka kwa kisu butu?"

Mashine ikaandika kosa. Wakarudia. Kosa. Mara ya tatu, kosa tena, na Chelangat alipofungua rekoda akakuta vumbi la hudhurungi limebaki kwenye kichwa kinachosoma utepe.

"Bi Huwaida," alisema taratibu, "utepe unachubuka. Kila tukiucheza unapoteza kitu. Nadhani umekufa."

Bi Huwaida alimtazama Shukri kule barazani. Kaseti ile ikifa, atakufa na jina la mwongo, na Shukri ndiye atakayehadithia matangani.

"Hebu chomoa waya," alisema. "Nataka kuusikia kwa masikio yangu."

Akausikiliza kidogo tu. Mlio ulikuwepo, wote, lakini umefumbwa, kama mtu anayesema na tende mdomoni. Na mlio wa namna ile alikuwa akiujua. Akajipiga paja.

"Haukufa! Rekoda ya baba ilianguka ngazini mwezi wa Ramadhani. Tangu siku ile kitwa chake kikawa upande. Kasida tulizorekodi nayo zilisikika vyema kwetu, kwa watu zikasikika zimeziba. Rekoda hii yako imenyoka, mwalimu. Punda alirekodiwa na iliyopotoka. Basi na hii tuipotoe!"

"Tukiigusa, hatuna nyingine," alisema Chelangat.

"Nitainyosha tena. Nipe bisibisi ya miwani."

Mwalimu mwenye shahada akampa, akarudi nyuma. Bi Huwaida akatia bisibisi kwenye kitundu kilicho juu ya kichwa, kaseti ikizunguka, akafumba macho. Akageuza kidogo. Mlio ukazidi kuziba. Akarudisha, akapita upande wa pili, polepole, kwa vidole vile vile vinavyotoboa kofia. Mlio ukafunguka, ukawa mkali, ukakata. Akazidisha kidogo, ukafifia. Akarudi nyuma upana wa unywele.

"Hapo," alisema. "Rudisha mwanzo. Tia waya."

Dakika nne na nusu kaseti ikazunguka. Bwana Shukri alikwisha kuingia na kikombe chake, na watu wawili watatu wa barazani nyuma yake. Mlio ukakoma. Kwenye televisheni likatokea neno moja, la kwamba mashine iko tayari.

"Haya, fungua tumuone huyo punda!" alisema Shukri.

"Subiri. Kwanza diskini." Bi Huwaida alingoja miaka yote ile, na bado hakufanya pupa. Akaandika amri mwenyewe, diski ikanguruma, taa yake ikazimika. Ndipo akaufungua mchezo.

Kioo kikawa cheusi, herufi za kijani zikapanda: PUNDA WA AMU. MTUNGAJI: HUWAIDA JEILANI, MKOMANI, 1988.

Shukri alisoma kwa sauti mpaka akafika kwenye jina, na hapo sauti ikampungua. Bi Huwaida alikuwa amesimama nyuma yake, kifua kimemjaa, wala hakujaribu kukificha. Akamvutia kiti.

"Keti, Bwana Shukri. Mteze punda, vitufe hivi hapa."

Punda mdogo wa vipande vya mraba, na mawe mgongoni, akapanda vichochoro kutoka gatini. Shukri akampitisha mbio. Punda akarudishwa gatini. Mara ya pili, gatini. Ya tatu, gatini tena.

"Mashine mbovu hii!"

"Mashine nzima," alisema Bi Huwaida. "Umekutana na mtu ndiani, umempita hukumpa salamu. Amu haipitwi hivyo. Bonyeza S."

Nyumba ikaangua kicheko. Chelangat alicheka mpaka akakaa chini. Shukri akabonyeza, punda akaamkia, punda akapita. Aliamkia watu sita, akafikisha mawe, na bwana mzima akapiga makofi peke yake.

Akanyanyuka, akatoka, na kabla hajafika pembeni mwa kichochoro sauti yake ilikuwa inasikika mpaka darini. "Yuko! Punda yuko! Kamtunga Bi Huwaida, jirani yangu, ukuta kwa ukuta! Mimi najua tangu zamani, muulizeni mtu yeyote!"

Chelangat akataka kumfuata amsute. Bi Huwaida akamshika mkono.

"Mwate aseme," alisema. "Uwongo wa namna hiyo nimeungoja tangu nili mwari."