Cheti cha Shangazi Kutoka Unguja

Niliporudi Likoni kutoka chuo kikuu Kampala, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, nilimkuta shangazi yangu angali anangoja karatasi.

Alikuwa dada wa baba, mzaliwa wa Unguja kama yeye. Aliolewa huko, akaachwa huko, na mama yangu alipofariki akavuka kuja kukaa nasi. Sasa mtu mmoja wa Mtongwe, mwenye shamba la minazi, aliyefiwa na mkewe, alikuwa amemposa, na baba akakubali. Kadhi wa kwetu hakuwa na neno, ila alitaka cheti cha talaka kutoka kwa kadhi wa kule alikoachwa. Shangazi alisema mbele ya watu, "Karatasi ikija, nitaolewa." Barua ikaandikwa. Mwezi wa mfungo ukapita, Idi ya kuchinja ikapita, karatasi haikuja.

Jambo hilo lilinikera. Bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea Unguja ndiyo iliyopepea Mombasa, ng'ambo ya kivuko chetu, na bado mtu aliyetoka huko alihesabiwa mgeni mpaka alete karatasi. Nilimwuliza baba kama sisi ni watu wa nchi moja au mbili. Alinijibu kwamba hilo niwaulize waliochora ramani. Yeye ni seremala.

Nikaanza kumshuku mwenye duka. Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Barua za mtaa mzima zilipitia lake, naye alizipanga nyuma ya makopo ya samli. Nilikuwa na hakika kwamba huzifungua, kwa kuwa alijua nani kafiwa Tanga kabla ya wafiwa wenyewe. Nilipomwuliza juu ya karatasi ya shangazi aliendelea kupima mchele, akasema, "Kila kilichokuja nimempa mwenyewe." Niliona hilo ni jibu la mtu anayeficha.

Kisha nikamshuku baba. Ni nani angempikia yeye, shangazi akienda Mtongwe? Kumpa mtu neno barazani ni rahisi iwapo unajua karatasi haitafika. Nilimtazama akila, nikajiona mwerevu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ualimu Changamwe. Nikaketi mbele ya taipureta ya shule, nikaiandikia ofisi ya Unguja kwa Kiingereza kikali, na chini ya jina langu nikaweka shahada yangu. Jibu nililitaka lije shuleni, lisipite dukani.

Lilikuja baada ya wiki tano. Cheti, waliandika, kilitumwa miezi tisa nyuma kwa barua ya rejista. Walinipelekea nakala yenye muhuri, pamoja na kadi ya posta iliyowarudia ikiwa na saini ya mpokeaji, wakaomba niirudishe kadi hiyo.

Saini ilikuwa ya herufi za Kiarabu, na mimu yake ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana. Mimu ile niliijua. Mwenye mkono ule ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa chaki, kwenye kibao, kabla sijaingia shule.

Nilimkuta shangazi uani akishona kofia. Nikaiweka kadi juu ya kitambaa. Aliitazama, akamaliza tundu alilokuwa akilizungushia uzi, ndipo akasema, "Umemwandikia nani?"

"Ofisi ya Unguja."

"Nani aliyekutuma?"

Hapakuwa na aliyenituma. Nikamwuliza kwa nini ametuacha tungoje kitu alichonacho. Akanieleza bila haraka, kama anayemweleza mtoto. Mwenye duka alimpa kikaratasi cha posta siku aliyokwenda kununua uzi. Akavaa buibui, akavuka hadi posta, akatia saini, akarudi, akakitia cheti sandukuni mwake akafunga kufuli.

"Babako alishampa mtu neno," akasema. "Nikisema sitaki, alile neno lake mbele ya msikiti mzima? Heri ofisi ndiyo ilaumiwe."

"Kwani yule bwana ni mbaya?"

"Si mbaya. Hata yule wa kwanza hakuwa mbaya. Miaka kumi na mmoja nilikaa nasikiliza mlango, anakuja, haji. Sasa sisikilizi mlango wa mtu."

Nikamwambia kwamba hata sasa yeye humpikia baba na humngojea.

"Babako ni ndugu yangu. Akichelewa, nala." Akanirudishia kadi. "Haya, unayo. Kawape."

Alasiri ile, baada ya sala, yule bwana wa Mtongwe alikuwa amekaa na baba barazani. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu. Nikawaamkia, wakaitikia, na yule bwana akanitania.

"Msomi wetu, mwalimu mwenzio kaniambia umewaandikia kwa Kizungu. Wamejibu, au wamekimbia ofisi?"

Nyuma ya pazia la mlango nilisikia mkasi ukiwekwa chini.

"Wamejibu," nikasema. "Wanataka jina la shahidi wa pili wa talaka."

Baba akakunja uso. "Yule si alishakufa?"

"Ndivyo nilivyosikia. Basi itatakiwa karatasi ya kifo chake."

Yule bwana alicheka mpaka akavua kofia kujifuta jasho. Alisema serikali ikitaka karatasi za wafu basi tungoje kiama. Hakuna aliyeomba kuiona barua. Mimi, ambaye nisingeliamini neno lile likitoka kinywani mwa mtu yeyote, nilisimama nikingoja mmoja wao aulize, hakuuliza.

Kabla ya mwaka kwisha yule bwana alioa mjane wa hukohuko Mtongwe, na shangazi akampelekea kofia ya harusi, ya vito vya kudarizi, kazi ya miezi miwili. Kadi niliirudisha Unguja kama nilivyoombwa. Nakala nilimpa shangazi, akaitia sandukuni pamoja na cheti chenyewe.

Sanduku lile alilitengeneza baba kwa mkono wake, na kufuli pia alinunua baba. Kufuli za namna ile huuzwa na funguo mbili. Mmoja shangazi aliufunga katika pindo la leso yake. Wa pili sikupata kuuona, na uko kwa nani ndilo swali pekee ambalo sikumwuliza baba.