Mkwe Aliyesafisha Kioo

Ukimwuliza Mama Chapa alijifunza wapi kompyuta, atakwambia hakujifunza, alikubaliana nayo. Miaka kumi na miwili iliyopita aliinunua ikiwa imeshapita mikono miwili, akaiweka mezani katika duka lake lenye upana wa mlango na nusu, akaipa masharti. Yeye angeipa umeme, feni na kitambaa cha kuikinga vumbi. Yenyewe isimsumbue akiwa anazungumza na mteja.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomjengea jina. Mama Chapa huchapa kadi za mialiko, barua, vyeti, matangazo ya vyumba vya kupanga na chochote kile ambacho karatasi inaweza kukibeba, lakini kazi yake hasa, kwa anavyoiona mwenyewe, ni kupatana bei. Na bei haipatanwi na mtu aliyekodolea kioo macho. Mteja akikuona umeinama kutafuta pa kubonyeza, anapata nafasi ya kuvuta pumzi, na akishavuta pumzi anakumbuka kwamba ng'ambo ya barabara kuna duka la Bwana Rangi, mchapaji mwenzake. Kwa hiyo Mama Chapa humtazama mteja usoni tangu salamu mpaka hela inapotoka mfukoni, huku mkono wake wa kulia ukiendelea na kazi peke yake.

Mkono huo ulikuwa na vielekezo vyake. Juu ya kioo cha kompyuta Mama Chapa alibandika vipande vya tepu, ile ya mafundi umeme, kila kimoja kidogo kama ukucha wa mtoto, juu kidogo ya alama ya kubonyeza. Chekundu, kona ya chini kushoto, kuchapa. Cha kijani, juu yake kidogo, kuhifadhi. Cha njano, kadi za harusi. Cha bluu, kulia kabisa, vyeti. Vilikuwa kumi na kimoja. Hakuvitazama; alivipata kwa pembe ya jicho, akapeleka mshale wa kipanya, akabonyeza, na mteja hakujua kama kuna lililofanyika mpaka karatasi itoke.

Kisha Jumapili moja mkwe wake akaja kumsaidia.

Mkwe huyu alikuwa na miezi minane tu ndani ya ukoo. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja kubwa, mtu wa adabu, mwenye sauti ndogo na shati lililopigwa pasi. Alikuwa amesikia kwa mkewe kwamba kompyuta ya Mama bado inatumia mfumo wa zamani, ambao hata waliouunda wameshaususa, na moyo wake haukutulia. Akachukua ufunguo kwa mkewe, akashinda dukani mchana kutwa akiweka mfumo mpya. Alipomaliza akaona kioo kimejaa vitu vya kunata. Akatafuta wembe, akavikwangua kimoja kimoja, akapiga spiriti, akasugua mpaka kioo kikang'aa. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Chapa akafunua kitambaa, akawasha, akakutana na ziwa. Picha ya ziwa, na milima nyuma yake. Ziwa likamkaribisha, likamwuliza anaishi wapi. Likamwuliza kama angependa lisikilize sauti yake. Likamwuliza kama ana akaunti, na kama hana, je, angependa kuifungua sasa au baadaye kidogo.

"Humu dukani anayeuliza maswali ni mimi," Mama Chapa aliliambia.

Akapeleka mkono kona ya chini kushoto. Hapakuwa na kitu. Alama zote za kubonyeza zilikuwa zimehamia katikati, zimejipanga foleni kama watu wanaosubiri daktari. Akasogeza uso karibu na kioo kutafuta chekundu, akaona pua yake mwenyewe.

"Mwanangu," alimwita binti yake, aliyekuwa nyuma akikata kadi, "jana nani alikuwa humu?"

"Mume wangu, Mama. Alitaka kukufurahisha."

Mama Chapa akameza maneno yaliyokwisha kufika kooni. Fundi mwingine yeyote angeyapata. Mtoto wake wa kumzaa angeyapata mara mbili. Lakini mkwe ni mkwe, na tangu siku ya posa hawa wawili hawakuwa wamevuka maneno yale yale: shikamoo, marahaba, karibu chakula, ahsante nimeshiba.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Saa nane mchana chuo cha ushonaji kingewatunuku wahitimu wake, na vyeti vyao, sitini na vinne, vilikuwa vichapwe hapa. Mkuu wa chuo angeleta orodha ya majina saa tatu, kama kila mwaka, na kuvifuata saa saba. Miaka sita kazi hiyo haijatoka mikononi mwa Mama Chapa, na miaka sita Bwana Rangi amekuwa akimpungia Mkuu mkono kutoka ng'ambo.

"Mpigie," Mama Chapa alisema. "Kwa upole."

Mkwe akafika saa tatu na robo, ameaga kazini, mkoba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Za kazi?"

"Nzuri, Mama."

Mama Chapa akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama katikati yao. "Mwambie mume wako nashukuru kwa kunisafishia kioo."

"Mama anashukuru kwa kumsafishia kioo."

"Nimesikia," mkwe alisema. "Si kitu, Mama."

"Mwambie kinang'aa mpaka najiona. Najiona napoteza kazi ya Mkuu. Na mwulize vile vipande vya tepu vilimkosea nini."

Mkwe akakitazama kioo, akamtazama mkewe, akakitazama kioo tena. "Vilikuwa na kazi?" aliuliza, na sauti yake ndogo ikazidi kuwa ndogo.

Lakini lilikuwepo kubwa zaidi. Printa haikuitika. Printa ya Mama Chapa ni nene, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, na hukohoa kabla ya kutoa karatasi. Leo haikukohoa.

"Mwambie Mama," mkwe alisema baada ya kuinama nayo kwa muda, "hii ni ya zamani sana. Mfumo mpya hauijui."

"Mwambie hata mimi ni wa zamani, na juzi juzi hapa alinijua alipotaka mke."

Mkwe akacheka kabla hajajizuia, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Binti akajifanya anatafuta mkasi.

"Na ule mfumo wa kwanza haurudi?" Mama Chapa aliuliza, akiielekeza sauti yake kwenye feni.

"Kuurudisha ni kutwa nzima, Mama. Na huenda mafaili mengine yakapotea."

"Basi vyeti tuvipeleke kwa Bwana Rangi leo tu," binti alisema. "Atuchapie, sisi tumpe Mkuu. Hatajua."

"Bwana Rangi atajua. Leo nikimpa kazi, kesho atampa Mkuu kiti na soda. Hapana. Mume wako aendelee."

Mkwe akavua saa ya mkononi, akaendelea. Alitafuta mtandaoni programu ya kuiendesha ile printa, akakosa. Akapata ya printa nyingine, akaijaribu, printa ikatema ukurasa mzima wa vijisanduku vyeusi. Akatafuta tena, akapata ya printa iliyotoka mwaka mmoja baada ya hiyo, ndugu yake wa karibu. Saa nne na nusu printa ikakohoa mara mbili na kutoa ukurasa safi. Mama Chapa akauinua kwenye mwanga, akaukagua mbele na nyuma.

"Si mbaya," aliiambia karatasi.

Mkuu alikuwa hajafika na orodha. Badala yake akaingia bwana mmoja anataka barua ya kuomba kazi. Mama Chapa akakaa mahali pake, akamtazama usoni, akaanza kumweleza kwa nini barua yake inastahili karatasi nzito. Mkono ukaondoka wenyewe, ukafika kona ya chini, ukapapasa, ukakosa, ukapanda juu, ukakosa. Akalazimika kuinamisha uso. Yule bwana akavuta pumzi.

"Nitarudi," alisema, akavuka barabara.

Mkwe aliyaona yote hayo akiwa amechuchumaa karibu na waya. Akanyanyuka. "Mwambie Mama," alimwambia mkewe taratibu, "nimeelewa tepu zilikuwa za nini. Aniambie kila moja ilikuwa wapi, nitazihamishia alama huko huko."

Mama Chapa akakitazama kioo. Hakujua. Kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuvitazama vile vipande. Mkono ndio uliojua, na mkono hausemi.

Akafikiri kidogo, kisha akakisogeza kiti. "Mwanangu, nenda mlangoni, uingie. Unataka kadi mia za harusi. Na uwe mbahili."

"Mbahili kama nani?"

"Kama shangazi yako. Na wewe, baba," alisema, bado akitazama mlango, "shika tepu, ufuate mkono."

Binti akatoka, akaingia amening'iniza mkoba kwapani na mdomo ameupinda vile vile kabisa anavyoupinda shangazi yake. Akauliza bei ya kadi. Akaambiwa. Akashika kifua.

"Mia tano kadi moja? Inaimba?"

"Haiimbi, ila haichuji. Gusa hii. Ng'ambo watakupa ya mia nne, mgeni wako akiishika kwa mkono wa jasho, jina la bwana harusi linabaki kidoleni."

Mkono ukaenda katikati juu, ukatulia. Mkwe akabandika kipande cha njano, akaikokota alama ya kadi za harusi, kwa kipanya alichotoa mkobani, mpaka chini yake.

"Mia mbili," binti alisema.

"Kwa mia mbili nakuandikia kwa mkaa."

Mkono ukashuka kushoto. Cha kijani.

"Mia mbili na hamsini, na bahasha juu."

"Bahasha juu? Binti, wewe umezaliwa na nani?"

"Na mtu anayeuza ghali."

Mkono ukakimbilia kona ya chini. Chekundu. Mkwe alikuwa anatetemeka mabega kwa kicheko, lakini tepu zake zilinyooka. Walipatana mia tatu na themanini, bahasha bila nembo, na Mama Chapa akawa amekasirika kweli kweli kwa namna alivyoshushwa. Vipande kumi vilikuwa vimerudi mahali pake. Kilichobaki ni cha bluu, cha vyeti, maana katika mazungumzo ya harusi mkono haukuwa na haja ya kufika huko.

Hapo ndipo Mkuu wa chuo alipoingia, mnene, mwenye haraka, orodha mkononi. Ilikuwa saa sita kamili.

"Mama Chapa, nisamehe. Walimu wamesahihisha mpaka sasa hivi. Majina haya hapa, sitini na manne. Narudi saa saba. Kama haiwezekani sema sasa, nivuke barabara."

Mama Chapa akapiga hesabu kimoyomoyo. Dakika mbili kila jina, alivyozoea, ni saa mbili na zaidi. Hata kwa mfumo wa zamani, hata na tepu zote kumi na moja, asingewahi. Uso wake haukusogea hata kidogo. Alimtazama Mkuu machoni.

"Saa moja inatosha," alisema. "Ila umeniletea saa sita badala ya saa tatu, Mkuu, na haraka ina bei yake. Bei sipandishi. Mwaka ujao unipe na kadi za mialiko ya sherehe."

"Mialiko anachapa mtu mwingine."

"Namjua. Alikuchapia tarehe ya mwezi uliopita."

Mkuu akakubali kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. "Ukiwahi," alisema, "na mialiko ni yako. Usipowahi, hata vyeti utaniachia."

"Tumekubaliana."

Wakati wanapeana mikono, ya kushoto kwa samahani yake, mkono wa kulia wa Mama Chapa ulikuwa umefika kulia kabisa, na mkwe alikuwa tayari na kipande cha bluu.

Mkuu alipotoka, Mama Chapa akageuka. Hakumgeukia binti yake.

"Mkwe, saa moja inatosha?"

Mkwe akaitazama orodha. "Dakika arobaini, Mama, kama yupo wa kunisomea majina. Hatuandiki cheti kimoja kimoja. Tunaandika orodha mara moja, kompyuta inapanga kila jina kwenye cheti chake."

"Inapanga yenyewe?"

"Hata ule wa zamani ungeweza, Mama. Haukuambiwa."

Mama Chapa akavaa miwani, akasoma majina kwa sauti ya mnadani. Mkwe akaandika. Binti akalisha karatasi. Saa sita na dakika ishirini na tano printa ikaanza kukohoa na haikunyamaza. Jina moja lilikuwa refu mno, likakatika ukingoni. Mkwe akalipunguza herufi, likaingia. Mkuu aliporudi saa saba kasoro dakika tatu, vyeti vilikuwa bado vya moto. Akavihesabu. Akavihesabu tena kwa jina. Sitini na vinne.

"Na mialiko," Mama Chapa alimkumbusha.

"Na mialiko," Mkuu alisema, akaenda zake mbio.

Binti akapakua chakula kwenye sahani tatu. Mkwe akaanza kusema ameshiba.

"Hujashiba," Mama Chapa alisema. "Kaa."

Akakaa, akala, akaongezewa. Katikati ya sahani ya pili akaweka kijiko chini. "Mama, nisikufiche. Mfumo huu hujisasisha wenyewe. Mwezi ujao huenda ukahamisha alama tena."

"Bila kuniuliza?"

"Unauliza. Ila ukichelewa kujibu, unaendelea."

Mama Chapa alitafuna, akafikiri. Alimjua mteja wa aina hiyo. "Basi kila mwisho wa mwezi utakuja," alisema. "Utakula, utarudisha alama, utanifundisha jambo moja. Moja tu. Mawili hapana."

"Nimekubali, Mama."

"Usikubali haraka hivyo. Ungeomba na nauli."

Mlangoni akatokea yule bwana wa barua, amerudi kutoka ng'ambo, akiuliza kama ile karatasi nzito bado ipo. Mama Chapa akamkaribisha kiti, akamtazama usoni, na mkono ukaenda zake. Kwa pembe ya jicho alimwona mkwe amechukua kitambaa anafuta kioo, polepole, akizunguka kila kipande.