Mbuzi Aliyeelekezwa Mlima Meru

Sahani ya jirani bado iko kwangu. Ni ile ya bati yenye maua ya bluu pembeni, katikati imebanduka rangi kwa kusuguliwa na majivu. Krismasi imeshapita, Ramadhani inabisha hodi, na mimi sijairudisha. Wewe uliyekulia uswahilini unajua sahani ya jirani hairudi tupu. Basi kila nikitafuta mwiko naisogeza, na kila nikiisogeza hasira inanipanda upya.

Nililelewa Daraja Mbili na bibi yangu mzaa mama. Tulishiriki ua mmoja na bomba moja na jirani, Mmeru, Mlutheri haswa, mwanakwaya, mwenye kihamba cha ndizi na kahawa huko juu mlimani. Alfajiri nilisikia adhana, halafu bibi akikohoa huku anatia udhu, halafu jirani akiimba pambio na ufagio mkononi. Nilidhani dunia nzima inaamka hivyo.

Mchana walikaa kumenya ndizi pamoja, utomvu umewaganda vidoleni, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Jirani akisimulia Yesu alivyozaliwa zizini, bibi anadakia: "Isa bin Maryam, amani iwe juu yake. Kazaliwa chini ya mtende."

"Mtende gani, mama? Ni hori la ng'ombe!"

"Mtende. Mama yake alitikisa shina, tende zikamwangukia."

Siku moja nikauliza, kwani mzazi hawezi kula tende akiwa zizini? Walicheka mpaka visu vikawadondoka. Lakini jirani aliposema Yesu ni Mwana wa Mungu, bibi hakucheka. "Hapo sasa tunaachana, jirani yangu. Kwetu ni mtume, tena mtume mkubwa. Mungu hazai." Jirani naye hakurudi nyuma hata hatua. "Haya, tumeachana. Nipe hiyo sufuria." Hakuna aliyejifanya tofauti haipo. Walijua mahali ilipo, kama unavyojua kidimbwi kilipo uani, ukakiruka ukaendelea na kazi.

Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa bado kijana wakati ule, mwembamba, mkali kama pilipili. Alitukaririsha nguzo za imani mpaka tukaziota: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra, ya heri na ya shari. Vitabu tulivitaja kwa kuimba: Torati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa, Kurani ya Muhammad. Alitueleza kwamba vile vya mwanzo viliingiliwa na mikono ya watu, lakini vilishuka kwa Mungu huyohuyo, na kwamba ukimkana nabii mmoja umewakana wote. Kuna mwenzetu aliwahi kuigiza wimbo wa kwaya akimdhihaki Yesu. Alichapwa mbele yetu sote. "Unamcheka nabii wa Mungu, wewe?" Sijaisahau sauti ile.

Na Krismasi, jamani! Mbuzi analetwa kutoka Oldonyo Sambu, anafungwa kwenye mpera, na hakuna anayemgusa mpaka ustadhi afike. Jirani hakutaka sisi tukose nyama kwake, kwa hiyo mbuzi wake alichinjwa na Mwislamu. Ustadhi alificha kisu nyuma ya kanzu mnyama asikione, akamlaza kuelekea kibla. Kibla yetu Arusha iko kaskazini, kwa hiyo mbuzi wa Walutheri alilazwa kuutazama Mlima Meru, kule kule kwenye migomba ya jirani. Ustadhi alitaja jina la Mungu, na watoto wa jirani, na nguo zao mpya za sikukuu, walinyamaza kama wako kanisani. Mbege, pombe yao ya ndizi, ilikuwa imeshafichwa chumba cha ndani, kwa heshima ya bibi. "Kisu chenu, mbuzi wetu, njaa ya wote," jirani alikuwa anasema. Ndizi-nyama ikiiva, wa kwanza kukaa mkekani alikuwa ustadhi, na ukoko wa sufuria aliuomba yeye.

Bibi alishatangulia mbele ya haki. Nimerudi kuishi nyumba ile na binti yangu, anayemwita jirani Bibi Ndizi. Krismasi hii jirani, magoti yameshachoka, alinituma mimi. Nikamkuta ustadhi nje ya msikiti.

"Shikamoo, ustadhi. Mbuzi wa jirani anakusubiri."

"Marahaba." Akatazama kulia na kushoto. "Mwaka huu nisamehe, binti. Si vizuri kuchinja kwa ajili ya sikukuu yao."

"Tangu lini?"

"Vijana wa sasa wana simu. Nikionekana pale, kabla ya adhuhuri niko kwenye magrupu. Ustadhi kala Krismasi!"

"Kwa hiyo tatizo ni dini au ni simu?"

Akainama kupanga viatu vilivyokwisha pangwa mlangoni.

"Nisomee nguzo za imani, ustadhi."

"Wewe ndiye wa kunifundisha dini?"

"Ulinifundisha wewe, tena na fimbo mkononi. Nisomee."

Akazisoma. Lakini alipofika kwenye vitabu na mitume alishusha sauti, akageuka kuangalia nani anasikia. Hapo moyo wangu ulikufa. Angeniambia amebadili msimamo ningebishana naye, na bibi alinifundisha kubishana. Huyu anaamini kilekile alichotupigia. Anaona aibu tu kuonekana nacho.

Nilipomwambia jirani, nikataka kutafuta mchinjaji mwingine. Akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Akikataa na wa pili, nitajua kumbe miaka yote mlikuwa mnanivumilia." Mwanawe akamchinja mbuzi mwenyewe, akimlaza kuelekea popote.

Mchana jirani akaja mwenyewe, polepole, na sahani ya maua ya bluu imefunikwa. Ndizi na maharage. "Nimeipika kwa sufuria yake na mwiko wake, haikugusana na nyama. Nisije nikakuingiza dhambini." Mlutheri ndiye aliyeilinda dini yangu siku ile. Ustadhi alikuwa ameikimbia.

Nilikula nikilia. Binti yangu akauliza, "Mama, kwani tumemkosea nini Bibi Ndizi mpaka atupikie pembeni?"

Watu wananiambia nishukuru hakuna aliyepigana. Sitaki. Hakuna aliyepigana, na sufuria yetu ya pamoja imeondoka hivyohivyo kimyakimya. Mpera ulikatwa, nikazoea. Bibi alikufa, nikazoea. Hili nakataa kulizoea. Sahani nitaijaza pilau siku ya Idi na nitavuka nayo ua mchana kweupe, wenye simu wapige picha mpaka wachoke.

Ila jana nilikuwa naanika nguo. Binti yangu na mjukuu wa jirani walikuwa wanacheza kupika pale palipokuwa na mpera, udongo kwenye vifuniko vya chupa, majani ya mgomba ndiyo sahani. Nikachungulia. Binti yangu alikuwa ameinjika vyungu viwili.

"Hiki chenu," anamwambia mwenzake. "Hiki chetu. Usichanganye mwiko."