Kichwa cha Baba

Harufu ya kafuri ikinipitia, hata leo wodini ninapofanya kazi, namwona baba ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu ya kampuni pale Likasi, mama akimkanda shingo kwa mafuta ya kafuri. Ilikuwa hivyo kila Jumapili baada ya mechi. Baba alikuwa beki wa timu ya kampuni ya madini. Wiki nzima alikuwa kiwandani, lakini mji ulimjua kwa kichwa chake. Mpira wa ngozi ulioloa mvua, mzito kama jiwe la machimbo ya Kakontwe, aliupiga kwa paji la uso ukarudi ulikotoka. "Kichwa ya chuma!" watu walipiga kelele, nami, mtoto wa miaka minane, nilijivuna kana kwamba chuma kile nilikifua mimi mwenyewe.

Siku moja alikuja mkubwa wa serikali kutoka Kinshasa. Sisi wasichana wa shule tulicheza ngoma na kuimba nyimbo za kumsifu Rais juani tangu asubuhi. Kipindi cha pili baba akagongana kichwa na mshambuliaji, akaanguka kama gunia. Hakuamka upesi. Mama alivuka kamba ya kuzuia watazamaji, akamkabili kocha.

"Mumutoshe inje! Hamuone macho yake?"

Kocha alimtupia jicho yule mkubwa kivulini, akammwagia baba ndoo ya maji, akamrudisha uwanjani. Dakika za mwisho baba alifunga goli, kwa kichwa. Walimbeba mabegani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alimwuliza mama, "Tulishinda?"

Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha. Mama hakucheka.

Haikupita miaka mingi akaanza kusahau. Kwanza jina la jirani, kisha njia ya kiwandani, mpaka kampuni ikamwachisha kazi. Halafu ikaja hasira. Yeye ambaye hata kuku wa Noeli hakuweza kumchinja, akamwachia mke wake, sasa alimpiga mke huyo. Asubuhi moja alinikuta jikoni, akaniuliza kwa upole, "Mutoto, weye ni wa nani?"

"Ni minye, papa. Kabedi."

Aliitikia kwa adabu, kama mgeni.

Shangazi, dada yake baba, alifika kutoka kijijini. Alisimama mlangoni, akasema majirani wasikie: "Uyu mwanamuke anamutilia dawa mu bukari!" Nami niliamini kwamba ugali wa mama ndio uliomharibu baba akili. Majuma mengi nilikataa chakula cha mama, nikala kwa majirani. Aliniwekea sahani yangu kila jioni, akaifunika. Baba alipokufa, ndugu zake walimfukuza mama matangani kwa matusi. Mimi niliketi upande wa shangazi.

Nilikuwa muuguzi tayari daktari mmoja aliponieleza, juu ya mgonjwa mwingine, mwanandondi mzee, jinsi mapigo ya kichwa yanavyoula ubongo polepole. Nilitoka nje nikakaa chini. Jumamosi ile nilipanda gari hadi kwa mama, nikamweleza yote huku nikilia na kuomba msamaha. Alikuwa akichambua matembele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema ile siku ya mechi, mbele ya bantu bote," akajibu. "Nani alinisikia?"

Nilikuwa nimedhani ninampelekea habari. Utotoni sikujua kwamba mtu anaweza kuusema ukweli mbele ya mji mzima, kisha aishi nao peke yake miaka yote, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe.